Ree mbili mkononi: usifuate tu, pandisha dau

Mkuu, umeuliza kwa nini ree mbili zinakupotezea pesa kwenye Texas Hold'em (aina ya poka) ukifuata tu, yaani ukilipa dau lililopo bila kulipandisha, ili wenzako wasishtuke. Tatizo ni idadi ya watu unaowakaribisha. Dhidi ya mpinzani mmoja mwenye karata zozote, ree mbili hushinda takriban mara 85 kwa 100. Dhidi ya watano, hushuka hadi karibu 49. Kwa hiyo pandisha hadi mara tatu ya blaindi kubwa (dau la lazima linalowekwa kabla ya karata kugawiwa), na uongeze blaindi moja kwa kila aliyefuata kabla yako. Mtu akishapandisha, mjibu kwa mara tatu ya dau lake. Ukiwa utacheza kabla yake kwenye raundi zinazofuata, mara nne.

Karata tatu za wote zikifunuliwa mezani, zisome kwanza. K-7-2 za rangi tofauti hazina hatari kubwa, theluthi ya pesa za mezani inatosha. Ila 9-8-7 zenye kopa mbili, weka theluthi mbili. Hapa ndipo wengi wanapoungua: mwenye kopa nne (mbili mkononi, mbili za mezani) anasubiri ya tano ili akupite, na amebakiwa na kopa tisa kati ya karata 47 asizoziona, yaani asilimia 19 kwa karata inayofuata. Mezani pana 300, ukiweka 75 anahitaji nafasi ya kushinda ya asilimia 17 tu ili asipate hasara, anafuata kwa raha. Ukiweka 200 anahitaji karibu 29, kufuata kunamgharimu.

Na mchezaji mpole, asiyependa kupandisha, akikupandishia kwenye karata ya nne, bado una jozi moja tu. Kama pesa zenu zilizobaki ni nyingi kuliko za mezani, tupa.