Kuondoa unga wa samaki kwenye chakula cha samaki wa maabara

Panya wa maabara wana AIN-93, chakula ambacho kila kiambato chake kinajulikana kwa gramu. Danio rerio, samaki mdogo mwenye milia anayefugwa katika maabara nyingi duniani, bado hana fomula moja inayokubaliwa na wote. Kwa hiyo ukiondoa unga wa samaki na kuweka protini nyingine, kila kitu kingine kilichobadilika bila wewe kukiandika kitaonekana kama matokeo ya jaribio.

Kati ya protini mbadala, funza wa nzi askari mweusi ndio wanaoharibu hesabu zaidi. Kwa mazoea tunapima naitrojeni, tunazidisha kwa 6.25, tunapata protini. Lakini sehemu ya naitrojeni ya funza haimo kwenye protini, imo kwenye kitini, dutu ngumu ya gamba lake. Zidisha kwa 4.76. Tuseme kilo 1 ya chakula ina gramu 300 za unga wa samaki wenye protini asilimia 60, yaani gramu 180 za protini, na unataka nusu yake, gramu 90, itoke kwa funza wenye naitrojeni asilimia 9. Kwa 6.25 utaweka gramu 160, kwa 4.76 zinatakiwa 210. Ukiweka 160 umewapunja samaki zaidi ya gramu 20 za protini kwa kila kilo, halafu wakidumaa lawama zinamwangukia funza. Gramu 60 zinazoongezeka (210 za funza badala ya 150 za unga wa samaki ulioondolewa) zipunguze kwenye selulosi ya kujazia.

Nunua unga wa funza waliokamuliwa mafuta. Wasiokamuliwa huja na mafuta mengi, hasa asidi ya lauriki, huku EPA na DHA, mafuta ya omega-3 yanayopatikana kwenye samaki, zikiwa haba mno. Hata kwa waliokamuliwa, ongeza mafuta ya samaki hadi vyakula vyote vilingane.

Soya ni rahisi kupatikana, ila kwa utafiti wa homoni au uzazi tunaikataa kabisa: isoflavoni, kemikali zake za asili, hufanya kazi kama homoni ya estrojeni. Joto huvunja vizuizi vya tripsini (kimeng'enya kinachomeng'enya protini), lakini saponini, kemikali nyingine za soya, hubaki na kuchokoza utumbo. Ikibidi, tumia soya iliyooshwa kwa alkoholi, uongeze methionini (asidi amino iliyo haba kwenye soya) na fosfeti, maana fosforasi yake nyingi imefungwa kwenye faiteti, kiwanja ambacho samaki hawezi kukimeng'enya vizuri.

Saga kila kitu kiwe laini. Vitamini na madini changanya kwanza na unga kidogo, ndipo uingize kwenye mchanganyiko mkubwa. Vitamini C iwe ya fosfeti, ya kawaida huharibika upesi. Tia mafuta, kisha maji kama mililita 300 kwa kilo, upitishe kwenye mashine ya kusagia nyama. Kausha chini ya nyuzi 50, ponda, chekecha ubaki na chembe za mikromita 400 hadi 600 kwa samaki wakubwa. Vumbi litupe, huchafua maji bila kuliwa. Hifadhi kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri.

Matangi yasipungue matatu kwa kila chakula, kwa kuwa kinachohesabiwa ni tangi, si samaki mmoja mmoja. Na jaribio likishaanza, usiwape Artemia (vijidudu hai vya majini jamii ya kamba) hata mara moja kwa siku: huziba upungufu uleule unaoutafuta.