Mwanamke yupi, wa mwalo upi?

Mmeuliza wiki hii ni mwanafikra gani wa nje ya Afrika ambaye msomaji angependa watu wa kwao wamjue. Mimi namtaja Chandra Talpade Mohanty, msomi aliyezaliwa Mumbai mwaka 1955 na kufundisha kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Syracuse, Marekani.

Makala iliyompa jina ilitoka katikati ya miaka ya 1980. Alipitia maandishi ya watetezi wa wanawake wa Magharibi kuhusu Afrika, Asia na nchi za Kiarabu, akaonyesha jinsi yalivyomfinyanga mwanamke wa aina moja tu: maskini, hajasoma, kafungwa na mila, anangoja kuokolewa. Na anayeandika, bila kutamka, anajiona yeye ndiye aliyekwisha kuwa huru. Waandishi wale walikuwa na nia njema, lakini Mohanty aliwaambia ukweli vilevile. Namheshimu kwa hilo.

Hakuishia kulaumu. Alisifu utafiti wa Maria Mies, Mjerumani, kuhusu wanawake wa Narsapur, kusini mwa India, wanaofuma lesi majumbani. Lesi inakwenda kuuzwa ng'ambo, faida wanakula wanaume wafanyabiashara, wafumaji wenyewe wanahesabiwa mama wa nyumbani wanaopitisha muda.

Hapo ndipo nilipoiona Kigoma yetu. Nenda Katonga, mwalo wetu wa kupokelea samaki kwenye Ziwa Tanganyika, asubuhi baada ya usiku usio na mwezi, wavuvi wakivua kwa taa. Kuna mama aliyenunua dagaa kwa fedha yake, anawatandaza mwenyewe. Kuna kibarua anayegeuza dagaa wa mwenzake juani huku akifukuza kunguru. Na kuna mwanamke mwenye mitumbwi na taa zake, wanaume wanamsubiri awalipe. Dodoso la mradi mmoja lililopita mtaani kwetu liliwaweka karibu wote chini ya "mama wa nyumbani", nao mikono inanuka dagaa! Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa lisivuliwe kwa miezi mitatu, mwenye magunia ya dagaa stoo alikuwa na cha kuuza, kibarua hakuwa na cha kugeuza. Ukiwasemea kwa sauti moja, huyo kibarua ndiye anayepotea kwanza.

Wapo waliomwelewa Mohanty kana kwamba anasema wanawake hawawezi kuungana. Mwaka 2003 aliirudia makala ile na kulikana hilo. Alisema mshikamano hauji kwa sababu tu wote ni wanawake. Unajengwa kwa kazi, watu wakijua wanatofautiana wapi na nguvu gani za uchumi zinawabana pamoja. Kwetu kazi hiyo inajulikana ianzie wapi. Dagaa wanaoanikwa Katonga wanavuliwa pia Rumonge ya Burundi, Kalemie ya Kongo na Mpulungu ya Zambia, ziwa ni moja. Wanawake wa mialo hiyo wangekaa pamoja kuzungumzia bei na miezi ya kufunga ziwa, na vibarua wakiwemo kikaoni.

Msomaji, Ujiji