Taa za Maulidi: maswali yenu kuhusu kontrola

Mfungo Sita unakaribia, na kama kawaida maswali ya taa yamezidi ya friji na pampu. Nimechagua yanayohusu kontrola, yaani kile kikasha cha kuendesha taa, kwani hapo ndipo watu wa Amu wanapochoma pesa kila mwaka bila sababu.

Assalamu alaikum fundi. Nimenunua uzi mpya wa taa za LED. Kichwa chake kiliingia vizuri kwenye kontrola ya mwaka jana, lakini nilipowasha, taa zilimulika mara moja kwa nguvu kisha zikazima zote. Kontrola imeharibika? – Langoni

Waalaikumu salaam. Kontrola yako nzima. Zilizokufa ni taa.

Kichwa kuingia si ushahidi wa kitu. Kichwa cha plastiki kile kile hutiwa kwenye taa za volti 24, za volti 31 na zile zinazokula stima ya ukutani moja kwa moja. Kile kikasha chenye kitufe kimoja na mitindo minane ya kumetameta, kisicho na transfoma, hakipunguzi umeme hata kidogo. Ndani yake mna dayodi na swichi ndogo za kuukata na kuurudisha, basi. Kinachotoka ni nguvu ile ile ya volti 240 iliyoingia. Uzi uliotengenezwa kwa kikasha hicho huistahimili kwa sababu balbu zake zimefungwa mfululizo, kila LED nyeupe inachukua takriban volti 3, mpaka umeme wote ugawanyike. Uzi wa volti 31 una balbu chache tu katika kila mfululizo. Umeupa karibu mara nane ya kiasi chake.

Kabla ya kutoa pesa, soma mambo matatu kwenye uzi wenyewe au kwenye adapta iliyokuja nao: volti, AC (umeme kama wa ukutani) au DC (kama wa betri), na wati. Kisha geuza kontrola usome palipoandikwa OUTPUT. Volti zilingane kabisa. Wati za kontrola zitoshe taa zote utakazotundika, na zikizidi ni heri. Taa ndiyo inayochagua kontrola. Kontrola haijibadilishi kuifuata taa. Na kama lebo imetoka, usinunue, hata mwenye duka akikuapia.

Hili hukuuliza lakini nitalisema: taa za stima ya ukutani sizitaki kabisa vichochoroni mwetu. Njia ina upana wa punda na mzigo wake, kuta zina unyevu wa chumvi, watoto hupanda mabarazani wakashika kila kinachowaka. Gunia likichubua waya, atakayeugusa ameshika volti 240. Nunueni za volti 12 au 24, na transfoma ikae ndani ya nyumba, si juu ya kizingiti cha mlango.

Naweza kukata uzi nipate kipande cha kutosha mlango wangu? – Mkomani

Wa stima ya ukutani, la. Ukipunguza balbu, zilizobaki zitagawana volti zile zile na kuungua. Ukanda wa volti 12 au 24 hukatika, lakini pale tu penye alama ya mkasi.

Nina ukanda wa nyaya nne na kontrola ya nyaya tatu. Niunganishe vipi? – Shela

Swali hili nimelijibu zaidi ya mara moja, na bado linakuja, mara nyingi baada ya mtu kwisha kununua. Huunganishi. Ukanda ulioandikwa 12V, G, R, B (kijani, nyekundu, buluu) hubadilisha rangi wote kwa pamoja, na kontrola yake huongeza na kupunguza umeme wa kila rangi. Ukanda wa nyaya tatu, ambao ndio kontrola yako ilitengenezewa, una waya mmoja wa data, na ndani yake mna chipu zinazosoma amri. Hakuna kiunganishi cha kuwapatanisha hawa wawili. Wala usihesabu nyaya tu ukaridhika, maana ukanda wa chipu ya WS2815 una nyaya nne nao ni wa data. Soma herufi zilizochapishwa pale pa kukatia. Ukiona DI au DIN, huo ni wa data. Rudisha kontrola dukani kabla risiti haijapotea.

Rimoti ya jirani yangu inabadilisha rangi za taa zangu. Ni uchawi? – Langoni

Ni rimoti za bei rahisi zinazotumia msimbo mmoja, na nyumba zinazotazamana. Ziba jicho la kontrola yako kwa tepu nyeusi.

Shemeji ameniletea taa kutoka Marekani. Nikiweka adapta ya plagi zitawaka? – Malindi

Zitawaka mara moja tu, mama. Kule stima ni volti 120. Ile adapta hubadilisha umbo la meno, haigusi umeme. Tafuta transfoma ya kushusha 240 kuwa 120, yenye wati zinazozidi za taa, na kontrola iliyokuja nazo ichomekwe baada ya transfoma, si kabla. Bei ya transfoma ikishinda ya taa mpya, mshukuru shemeji, ununue mpya.

Sisi vijana wa mtaa tumeunganisha pikseli 300 za WS2812B kwa ajili ya zefe. Mwanzoni ni nyeupe, mwishoni zinageuka nyekundu. Tena tukichagua kijani inatoka nyekundu. Kontrola mbovu?

Swali zuri, na nimefurahi kwamba mmetaja chipu, hiyo WS2812B. Haya ni mambo mawili tofauti.

La kwanza ni umeme. Pikseli moja ya aina hiyo, yaani taa moja yenye chipu yake, ikiwa nyeupe kamili hufika miliampea 60. Zidisha kwa 300: ampea 18 kwa volti 5, yaani wati 90. Shaba nyembamba ya ukanda haiwezi kuubeba mzigo huo mpaka mwisho bila volti kushuka. LED ya buluu na ya kijani huhitaji volti nyingi kuliko nyekundu, kwa hiyo hizo ndizo hufifia kwanza na wekundu ukabaki. Pelekeni umeme kwa waya mnene mwanzoni, katikati na mwishoni, na kila tawi liwe na fyuzi yake. Umeme huo usipite ndani ya kontrola. Yenyewe itoe data tu. Mkitumia adapta mbili, unganisheni hasi zote pamoja na hasi ya kontrola, lakini chanya za adapta mbili zisikutane. Kisha punguzeni mwangaza kwenye programu. Katika kichochoro chenye giza, nusu inatosha.

La pili ni mpangilio tu. WS2812B husoma kijani kwanza, ndipo nyekundu na buluu. Kwenye kontrola badilisheni RGB iwe GRB. Msinunue chochote.

Taa zikizimwa kwenye kontrola bado zinatoa mwanga hafifu. – Mkomani

Huenda ni mvujo mdogo wa swichi ya kielektroniki, nao hauna neno. Lakini kama ni taa za stima ya ukutani, huenda swichi inakata waya wa nyutro na kuacha wa moto ukiwa hai. Chomoa plagi sasa, ndipo umwite fundi apime.

Nataka kupamba mashua ya kubebea wageni jioni kwa betri ya volti 12. – nahodha, Matondoni

Inafaa, nahodha, ila betri ya 12 ikichajiwa na sola hufika volti 14.4. Kontrola iliyoandikwa 12V peke yake inaweza kufa siku ya kwanza. Chukua iliyoandikwa 12–24V, na taa uzipitishie kidhibiti cha volti. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri. Viungo vyote viwe vya IP67, yaani visivyoingiza vumbi wala maji, na vielekee chini, kwa sababu maji ya chumvi hula shaba upesi. Na usitundike nyekundu wala kijani ubavuni, wala za kumetameta, wakati chombo kinakwenda. Anayekuja mbele yako baharini husoma taa zako kujua umeelekea wapi. Weka nyeupe ya njano, ya kutulia, ndani ya chombo chini ya tanga.