Intakomu ya video langoni: maswali yenu kuhusu namba, kufuli na umeme

Maswali haya yote yanahusu paneli yenye kamera inayofungwa kwenye lango la jengo la ghorofa: mgeni anabonyeza namba ya nyumba, mwenyeji anamwona kwenye skrini, kisha anamfungulia. Tunajibu kuhusu mifumo ya IP, ambamo paneli na skrini huungana kwa kebo ya mtandao kupitia swichi, yaani kifaa kinachounganisha kebo hizo zote.

Jengo letu lina ghorofa tano, nyumba nne kila ghorofa, kuanzia A1 hadi E4. Skrini zote zimefungwa, lakini mgeni akipiga B3 inalia D2, na nyumba nyingine hazilii kabisa. Tuanzie wapi?

Anzeni na karatasi, paneli iacheni kwanza. Paneli zenye vitufe hupokea tarakimu tu, kwa hiyo herufi lazima zigeuzwe: A iwe 1, B iwe 2, hadi E iwe 5. B3 inakuwa 203, E4 inakuwa 504. Ghorofa ya chini ihesabiwe kuwa 1, kwa sababu mifumo mingine haikubali ghorofa sifuri. Pembeni ya kila namba andikeni anwani ya IP (namba inayokitambulisha kifaa kwenye mtandao) inayofuata mpangilio uleule: ruta 192.168.10.1, paneli 192.168.10.2, nyumba 203 iwe 192.168.10.23, nyumba 504 iwe 192.168.10.54. Fundi atakayekuja baada ya miaka mitatu ataijua skrini kwa kuiona anwani yake tu. Karatasi hiyo ibandikwe ndani ya kabati la swichi.

Kisha ingieni kwenye paneli kwa laptopu, mbadilishe nywila ya kiwandani na kuipa anwani yake. Iwekeni kuwa paneli kuu. Ya lango la nyuma, kama ipo, iwe ya pili na ipewe namba tofauti. Halafu washeni skrini moja moja. Hapa ndipo mafundi wengi huharibu kazi: skrini mpya za aina moja mara nyingi hutoka kiwandani na anwani moja, na zikiwashwa zote kwa pamoja zinagongana, nyingine zinapotea kwenye mtandao. Kila skrini ipewe namba ya nyumba, anwani yake, anwani ya paneli kuu na nywila ya usajili. Namba ya jengo ibaki 1 kila mahali kama mna jengo moja. Pigeni simu kutoka langoni na mfungue mlango kutoka kwenye skrini hiyo kabla ya kwenda nyumba inayofuata.

B3 inapolia D2, skrini ya D2 imeandikiwa 203. Nyumba isiyolia kabisa, angalieni kwanza nywila ya usajili na anwani ya paneli kuu. Kama nyumba ina skrini mbili, moja ni kuu na nyingine lazima iwekwe kama ya nyongeza. Zikiwa kuu zote mbili kwa namba moja, zinanyang'anyana usajili: leo inalia ya sebuleni, kesho ya chumbani.

Tangu mpangaji mmoja aweke Wi-Fi yake, nyumba tatu hazipati simu ya lango.

Huenda amechomeka ruta yake kwenye kebo ya intakomu kupitia tundu la LAN (la mtandao wa ndani). Ruta hiyo sasa inagawa anwani zake kwa skrini zilizoachwa zijitafutie anwani, au imechukua anwani inayotumiwa na kifaa kingine. Ing'oeni, kisha wekeni anwani za kudumu kwenye skrini zote. Kama swichi inaruhusu VLAN (kuugawa mtandao katika sehemu zilizotengana), intakomu ikae kwenye yake, mbali na intaneti ya wapangaji.

Nikibonyeza kufungua, mlango unafunguka, lakini paneli inazima na kuwaka upya. Fundi anasema paneli ni mbovu.

Usinunue nyingine bado. Mara nyingi kufuli ndilo linalokula umeme wa paneli. Swichi ya PoE (inayopitisha umeme kwenye kebo ya mtandao) ya kiwango cha 802.3af hutoa wati 15.4 kwa kila tundu, na kifaa kilicho mwisho wa kebo kinahesabiwa wati 12.95 tu. Kufuli la umeme la volti 12 linalovuta nusu ampea linakula wati 6. Ukijumlisha kamera, taa za usiku na spika, hakuna kinachobaki. Kufuli lipewe pawa saplai yake ya volti 12, ampea 3, ikae ndani ya jengo.

Waya nao unahesabiwa. Tuseme kufuli liko mita 40 kutoka kwenye pawa saplai. Ukitumia jozi moja ya kebo ya mtandao, umeme unasafiri mita 80 kwenda na kurudi, na ukinzani unakaribia ohm 6.7. Kwa nusu ampea unapoteza zaidi ya volti 3, kufuli linabaki na chini ya volti 9, nalo ama halishiki vizuri au halifunguki. Kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, upotevu ni kama nusu volti tu. Jihadhari pia na kebo ya alumini iliyopakwa shaba, ambayo ni rahisi dukani: kwaruza uzi wake kwa kisu, ukiona weupe ndani irudishe.

Mwisho, weka dayodi ya 1N4007 (kijenzi kinachopitisha umeme upande mmoja tu) sambamba na kufuli, karibu nalo kabisa, upande wenye mstari ukielekea chanya. Koili ya kufuli ikikatiwa umeme hurusha volti nyingi kinyumenyume, na mshtuko huo ndio unaochoma relei (swichi ndogo ya paneli inayowasha na kukata umeme wa kufuli) au kuizimisha paneli.

Kufuli la sumaku niliunge NO au NC? Na kitasa cha umeme?

Kufuli la sumaku linashika likiwa na umeme, kwa hiyo linapita COM (mguso wa pamoja wa relei) na NC (mguso ulioungana nao relei ikiwa imepumzika): relei ikifanya kazi umeme unakatika, mlango unaachia. Kitasa cha umeme cha kawaida kinafunguka kikipewa umeme, kwa hiyo ni COM na NO (mguso unaoungana relei ikifanya kazi). Muda wa kufungua uwe sekunde 5. Ongeza kama kuna wazee au mtu wa kiti cha magurudumu.

Ila kuna jambo zito kuliko hilo. Relei ya paneli iko nje, mkononi mwa mtu yeyote mwenye bisibisi. Akiing'oa paneli, kufuli la sumaku litaachia akikata waya, na kitasa kitafunguka akigusanisha nyaya mbili. Uwe mkali hapa: agiza moduli ya usalama ya mlango, ile inayokaa ndani na kupokea amri ya paneli kwa RS-485 (waya wa kupitisha data). Relei inayofungua mlango inakuwa ndani, na nyaya za nje hazina cha kuunganishwa. Jengo lenye familia ishirini lisifungwe bila hiyo.

Na upande wa ndani wa mlango wenye kufuli la sumaku lazima kuwe na kitufe cha kijani cha dharura kinachokata waya chanya wa kufuli moja kwa moja. Kisipitie programu wala paneli. Moto ukitokea, watu hawapaswi kusubiri kompyuta iwaruhusu kutoka.

Umeme ukikatika tutabaki nje?

Kwa kufuli la sumaku lisilo na betri, mlango utabaki wazi. Tumieni pawa saplai yenye chaja ya volti 13.8 na betri ya volti 12, Ah (ampea-saa) 7. Kwa nusu ampea hiyo ni saa 14 kwenye karatasi. Tegemeeni 8 hadi 10 betri ikiwa mpya. Swichi inahitaji UPS (kifaa cha umeme wa akiba) yake. Skrini 20 za wati 6 pamoja na paneli ni kama wati 130, na UPS ndogo yenye betri moja ya Ah 7 haifiki nusu saa. Mkitaka usiku mzima, unganisheni kabati la swichi na inveta ya jengo.

Tuko karibu na bahari, Mombasa. Paneli ya kwanza ilishika kutu, na jioni sura za wageni ni nyeusi.

Chumvi inashinda bati lililopakwa rangi na hata chuma cha pua cha daraja la 304. Tafuteni uso wa daraja la 316, screw za 316 pia, na grisi ya silikoni kwenye viungio vya nyuma. Silikoni ya kuzibia ipakwe juu na pembeni tu. Chini paachwe wazi ili maji yanayoingia yatoke. Sura nyeusi zinatokana na jua lililo nyuma ya mgeni. Washeni WDR (mpangilio wa kamera unaosawazisha mwanga na kivuli), na kama haitoshi hamisheni paneli ukuta wa pembeni. Lenzi iwe kama mita 1.5 kutoka chini.

Kumbukumbu za paneli zinaonyesha saa tano mbele.

Imebaki kwenye saa za China, GMT+8. Weka GMT+3 na uwashe NTP (huduma inayorekebisha saa kupitia mtandao).

Simu yangu inapokea mlio wa lango baada ya mgeni kuondoka.

Ruhusu programu ya intakomu ifanye kazi nyuma ya pazia na uitoe kwenye mpango wa kuokoa betri. Android nyingi huzilaza programu zisizofunguliwa. Usifungue milango ya mtandao (port) ya ruta ili paneli ionekane intaneti. Huduma ya wingu ya mtengenezaji inatosha.

Mpangaji amehama na kadi zake. Tufanye nini?

Siku hiyohiyo futeni kadi zake kwa namba ya nyumba, ondoeni akaunti yake ya simu, na rudisheni skrini kwenye hali ya kiwandani kabla ya kuisajili upya. Kama mnatumia namba moja ya siri kwa jengo zima, ibadilisheni. Bora kila nyumba iwe na yake. Kadi za 125 kHz hunakiliwa kwa dakika chache. Nakala hubeba namba ileile, kwa hiyo kufuta kadi yake kunafuta pia nakala zake, lakini hakuzuii nakala za kadi za wengine. Mkinunua upya, chukueni DESFire (aina ya kadi iliyo ngumu kunakili), na paneli isome data iliyosimbwa badala ya namba ya kadi pekee. Kama paneli inatambua sura, picha yake nayo ifutwe: sheria za data za Kenya ya 2019 na Tanzania ya 2022 zinazihesabu taarifa kama hizo kuwa nyeti, na msimamizi wa jengo ndiye atakayeulizwa kwa nini bado anazo.