Gari linakurusha? Tazama ubavu wa tairi kabla hujagusa shokapu

Mtu akinilalamikia kwamba gari lake ni gumu, kila shimo analisikia mgongoni, huwa namuuliza kwanza amefunga tairi saizi gani. Wengi hunijibu ukubwa wa rimu tu: "Kumi na nane." Namba inayohusu mgongo wake hajaitaja.

Inama usome ubavuni mwa tairi. Tuseme imeandikwa 205/55 R16. Hiyo 205 ni upana wa tairi kwa milimita, na 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ya katikati, 55, ni asilimia: ubavu, yaani mpira unaoonekana kati ya ukingo wa rimu na sehemu inayokanyaga barabara, una kimo cha asilimia 55 ya ule upana. Piga hesabu, unapata kama milimita 113. Sasa lilelile gari livishe 225/40 R18. Ubavu umeshuka hadi milimita 90. Kwa nje tairi hizi mbili karibu zinalingana, kipenyo kinapishana milimita tano tu, kwa hiyo gari halijainuka na spidomita haijachanganyikiwa. Kilichobadilika ni kwamba zaidi ya sentimita mbili za mpira na upepo zimeondoka, na rimu imekalia nafasi yake.

Sentimita mbili ni nyingi mno hapo. Upepo ulio ndani ya tairi ndio springi ya kwanza ya gari. Vitu vidogo vyenye ncha, kama kokoto, kingo za viraka vya lami na maungio ya daraja, humezwa na tairi kabla springi na shokapu hazijapata habari. Shokapu kazi yake hasa ni kutuliza gari linaponesa baada ya tuta au bonde. Ndiyo maana mtu anaweza kubadilisha shokapu zote nne, akalipa fundi, na gari likaendelea kugongagonga vilevile kwenye barabara ya changarawe.

Gari langu nililinunua likiwa na rimu za 18 alizofunga mwenyewe wa kwanza, ingawa kiwandani lilitoka na 16. Niliporudisha 16, tofauti niliisikia kwanza masikioni: kwenye maungio ya lami ule mlio mkavu wa "tak" ukawa "dub" ya chini chini, na plastiki ya dashibodi iliyokuwa ikilia kama panya ikanyamaza bila mtu kuigusa. Nilipoteza kitu pia. Ukikata kona kwa kasi, ubavu mrefu hulala kidogo kabla gari halijageuka, na usukani hauna tena ule wepesi wa kujibu. Anayependa kukimbiza gari hatanisifu. Mimi nabeba watu wanaosinzia, kwa hiyo kwangu biashara hiyo inalipa.

Uzito nao una mkono wake. Gurudumu halibebwi na springi, na likiwa zito shokapu hupata taabu kulituliza. Rimu kubwa mara nyingi ni nzito zaidi, ila si lazima; ipo 17 nyepesi ya alumini inayoishinda 16 ya chuma. Ukiweza, ziinue zote mbili kwa mikono dukani.

Usishuke ovyo lakini. Rimu ndogo mno itagota kwenye kalipa za breki, yaani vile vibanio vya diski. Saizi zilizoruhusiwa zimo kwenye kitabu cha gari, na mara nyingi kwenye stika ya nguzo ya mlango wa dereva. Chagua ndogo kabisa kati ya hizo. Hakikisha matundu ya nati na tundu la katikati vinalingana na habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa, la sivyo usukani unaweza kutetemeka hata baada ya balansi. Angalia pia namba ya uzito: 91, kwa mfano, maana yake tairi moja linabeba kilo 615. Usinunue iliyo chini ya ile ya kiwandani.

Kuna wanaotafuta ulaini kwa kupunguza upepo. Hapana. Tairi lenye upepo mdogo hupata joto, na likiwa na ubavu mfupi shimo moja linatosha kulibana dhidi ya rimu hadi nyuzi za ndani zikatike. Ukiona nundu ubavuni, tairi hilo halina fundi, litoe. Fuata kipimo cha stika, na pima asubuhi tairi likiwa baridi. Namba ya upepo iliyoandikwa kwenye tairi lenyewe ni kikomo chake, si kipimo cha gari lako, ingawa wajaza upepo wengi hawataki kusikia hilo.

Na kama saizi ni sahihi, upepo ni sahihi, gari bado gumu? Soma kama tairi ni zile za kutembea hata likipata pancha. Ubavu wake umeongezewa mpira mgumu makusudi ili ubebe gari bila upepo, na ugumu huo unausikia kila siku. Tairi za kawaida za saizi ileile zitalilainisha, mradi uwe na spea kwenye buti, kwa sababu magari mengi ya aina hiyo hayaji nayo.