Babu alikuwa Keya huko Burma: medali zake tunazidaije?

SWALI: Babu yetu, mzaliwa wa Ukerewe, alikuwa Keya (askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza) na alipigana Burma katika Vita vya Pili vya Dunia. Alifariki 1987, na hatujawahi kuona medali yake hata moja. Juzi tumekuta barua yake ya kuachishwa jeshi kwenye sanduku la marehemu bibi, imechakaa kwenye mikunjo. Je, sisi wajukuu tunaweza kudai medali zake? Mtoto wake aliye hai ni shangazi mmoja tu, yuko Nansio. (Msomaji, Kirumba, Mwanza)

JIBU: Ndugu yangu, kabla ya yote, barua hiyo msiipeleke steshenari kuwekewa laminesheni. Katika kazi yangu ya kutunza nyaraka nimeletewa karatasi nyingi za wazee zilizopitishwa kwenye mashine ile. Joto na gundi vinaingia kwenye karatasi, na hakuna namna ya kuitoa tena salama. Ipigeni picha pande zote mbili, mwangani, kisha iwekeni kwenye bahasha kavu bila kuikunja upya.

Sasa isomeni taratibu. Mnachotafuta zaidi ni namba ya askari, kuliko hata jina. Karani wa jeshi aliandika jina kama alivyolisikia, na kwetu huku ziwani L na R hubadilishana kila siku. Anayeitwa Lugata nyumbani anaweza kuwa Rugata jeshini. Orodhesheni namna zote za kuliandika, pamoja na jina la baba yake. Kama jina la jeshini halifanani na la cheti cha kifo, wakili awaandalie hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja.

Angalieni na kikosi. Batalioni za 6, 26 na 36 za Keya zilikuwa za Tanganyika. Ya 36 ilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopita Bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua na matope hadi mto Chindwin. Lakini kama babu alikuwa dereva au mjenzi wa barabara, msikate tamaa. Hao nao walistahili.

Aliyefika Burma vitani anastahili Nyota ya Burma, yenye ncha sita na utepe mwekundu katikati, kingo za buluu zenye mstari wa rangi ya chungwa. Kuna pia Medali ya Vita ya 1939–1945, ya watumishi wa angalau siku 28, yenye simba aliyesimama juu ya joka la vichwa viwili. Kutegemea alikopita na muda wake, zinaweza kuongezeka nyingine.

Maombi hupelekwa Ofisi ya Medali ya Wizara ya Ulinzi ya Uingereza, na fomu ipo kwenye tovuti ya serikali yao. Medali ambayo haikuwahi kutolewa haiuzwi, hivyo anayewaambia mtume kwanza "ada ya medali" ni tapeli, msimpe hata senti. Na tuseme wazi mapema, maana jambo hili huleta maneno kwenye familia: medali haiji na pensheni wala fidia.

Mwombaji ni ndugu wa karibu zaidi aliye hai. Kwenu huyo ni shangazi, wajukuu mnafuata nyuma yake. Kaeni kikao cha familia, andikeni muhtasari na wote watie saini, kisha uthibitishwe na mtendaji na utafsiriwe kwa Kiingereza. Cheti cha kifo kama hakipo, anzeni na barua ya mtendaji wa alikofia, halafu RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kwenye ofisi ya wilaya. Usajili wa kuchelewa unakubalika. Mtume nakala zilizothibitishwa tu, barua yenyewe isitoke nyumbani.

Ila kabla hujajaza chochote, panda meli uende Nansio ukamuulize shangazi kama aliwahi kuona kile kinyota cha shaba, labda utotoni. Kama babu alishapewa zikapotea, hilo ni ombi la aina nyingine, na masharti yake ni magumu zaidi. Nenda na picha ya barua kwenye simu umsomee jina la kikosi polepole. Huenda akakutajia majina ya wenzake babu ambao familia zao nazo zina masanduku kama hilo.