Barua kwa mwanangu: hiyo fleti ya Cervo, pwani ya Liguria, Italia

Mamangu, mwanangu mpenzi,

Assalam aleikum. Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, mara ya kwanza kwa furaha, hizo mbili zingine kalamu iko mkononi. Waniuliza: "Mama, nimepata fleti ndogo Cervo, ghorofa ya pili ndani ya kijiji cha kale, mita za mraba 38, bahari yaonekana dirishani, wataka euro 115,000, ninunue ama niache?" Mi nakwambia usiweke sahihi popote mpaka uwe umelala hapo kijijini mwezi wa pili, siku ya mvua, na umeugusa ukuta wa nyuma kwa mkono wako mwenyewe.

Cervo naijua mwanangu. Ile miaka nikimtunza yule bibi wa Oneglia, mji ulioko hapo jirani, siku yangu ya mapumziko nilikuwa napanda basi naenda kukaa tu pale kwenye ngazi, manake vile vichochoro vyao, wenyewe waviita karuji, vilikuwa vyanirudisha Mji wa Kale kwetu, njia nyembamba, mawe yamelainika kwa miguu ya watu, jirani wamsikia kabla hujamuona. Na lile kanisa la San Giovanni Battista pale juu, watu waliita la Corallini kwa sababu lilijengwa kwa pesa za wavuvi wa marijani, basi nilikuwa naliangalia nawaza, hawa walivua marijani wakajenga kanisa, sisi tulichonga matumbawe tukajenga nyumba. Kwa hivo usidhani mama hapapendi.

Lakini wakumbuka nyumba ya babu yako? Mjomba wako aliona ukuta wa chini una unyevu akaupaka simiti, akasema sasa basi, yamekwisha. Misimu miwili tu ya mvua rangi ikafura malengelenge, chumvi ikatoka nyeupe kama unga wa sembe, mwisho plasta ikawa yaanguka vipande vipande usiku twasikia. Ukuta wa mawe na chokaa wanywa maji kutoka chini na lazima upumue, ukiuziba na simiti yale maji yapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Na nyumba za Liguria ni vivyo hivyo, mawe, chokaa, na chumvi ya bahari juu yake. Kwa hivo ukiingia humo achana na dirisha kwanza. Angalia pale chini usawa wa magoti, kama rangi ni mpya hapo tu na kwingine imechakaa, uliza kwa nini. Fungua kabati lililoegemea ukuta unuse ndani. Uliza plasta ni ya chokaa ama simiti, na muuzaji akikujibu "sijui" mchukue fundi wako mwenyewe, si wa kuletewa na yeye.

Zile tao zinazovuka juu ya njia kutoka nyumba hii hadi ile, ndo zinazoshikilia nyumba zisiangukiane ardhi ikitikisika. Tarehe 23 Februari 1887 tetemeko lilibomoa Diano Marina, hapo jirani kabisa, na Bussana watu walihama kijiji kizima wakaenda kujenga kipya chini. Sikutishi, nataka tu uelewe kwamba pale ukuta wako ni ukuta wa jirani, na paa ni la wote. Sasa paa likivuja nani alipa? Mwombe msimamizi wa jengo akupe kumbukumbu za mikutano ya wenye nyumba ya miaka michache iliyopita usome kama kuna ukarabati mkubwa umepitishwa, manake kwa sheria ya Italia deni la muuzaji kwa jengo, la mwaka huo na mwaka uliotangulia, waweza kudaiwa wewe mnunuzi pamoja naye. Na ramani ya nyumba iliyoko katasto, yaani sajili ya serikali ya majumba, lazima ifanane na nyumba yenyewe. Ulisema choo kiko pale palipokuwa stoo, sawa, je kiko kwenye ramani?

Halafu treni. Wasema Ijumaa ukitoka shifti Torino washuka Cervo. Mamangu, stesheni ya Cervo ilifungwa Desemba 2016 reli ilipohamishwa ndani, sasa washuka stesheni mpya ya Diano kisha watafuta basi, na gari haliingii kijijini, mizigo yapanda ngazi na mikono yako. Mtungi wa gesi, friji, godoro, vyote.

Pesa sasa. Huyo ajenti alokwambia "andika tu kuwa ni nyumba ya kwanza" usimsikilize hata kidogo. Kodi ya kununua nyumba ya kwanza, yaani ya makazi yako, ni asilimia 2 lakini lazima uhamishie makazi yako Cervo ndani ya miezi 18, na kazi yako iko Torino, watu wa kodi wakigundua walipa tofauti na faini na riba. We hesabu asilimia 9, ya nyumba isiyo ya kwanza, ila mwombe notaio, yule mwanasheria anayethibitisha mauzo, ahesabu kwa thamani ya katasto, si kwa bei mliyopatana, kama muuzaji ni mtu binafsi hilo laruhusiwa na mara nyingi lapunguza sana. Na ile kapara, yaani arubuni, utakayotoa siku ya kompromeso, yale mapatano ya awali ya kununua, ukijitoa bila sababu imekwenda, akijitoa yeye akurudishia mara mbili.

La kupangisha watalii wakati wa kiangazi silipendi. Ni kweli Julai na Agosti watu wajaa, kuna lile tamasha la muziki mbele ya kanisa tangu 1964, lakini kuna namba ya usajili ya kuomba, kuna kodi, na nani atafua mashuka we uko wodini Torino? Ikiwa hesabu yako haikai bila wageni, basi subiri mwaka mmoja uongeze akiba, nami nitakuongeza nilicho nacho.

Najua kwa nini waitaka. Tangu uje huku hujaamka hata asubuhi moja ukasikia bahari, na ulipokuwa mdogo hukuwa walala mpaka uisikie. Ikiwa ukuta uko sawa na makaratasi yako sawa, nunua mwanangu, kwa roho safi, mi sitakuzuia.

Mpigie ajenti umwambie twaja Jumamosi ya pili ya Februari. Mi nitatoka hapa Genova Ijumaa, tulale kijijini, tuingie humo saa mbili asubuhi kabla hajawasha hita.

Mamako